Ukwangala: Neno la Rungwe Linalotuhoji Wakristo



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuiacha kidogo desturi yetu ya kuyatafakari masomo ya Dominika, ili tulitafakari neno moja tu. Neno lenyewe si la Kilatini, wala hamtalikuta katika vitabu vya katekesi. Ni neno la Kinyakyusa, ambalo wengi wenu mlilinyonya pamoja na maziwa ya mama zenu, na ambalo sisi tulijifunza tukiwa tayari watu wazima. Neno hilo ni ukwangala.

Tulifikaje kulitafakari? Siku moja ya mvua, mvua ile ya kwetu isiyojua kuchoka, tuliketi na viongozi wa jumuiya moja ndogo ndogo tukikagua daftari la mahudhurio na ratiba ya zamu za kusali nyumba kwa nyumba. Tuliona kwamba jina la bibi mmoja mjane lilikuwa limerukwa kwa miezi mingi. Tukauliza sababu. Mmoja akasema njia ya kwenda kwake ina utelezi. Mwingine akasema nyumba yake ni ndogo. Wa tatu akanyamaza, akaitazama mikono yake. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu tulipofungua kwa sala, akatuambia kwa upole kwamba utelezi upo kila mahali Rungwe, na nyumba ndogo ziko nyingi. Ila ukweli ni kwamba watu wameacha kwangala na bibi yule. Akaishia hapo.

Wote waliokuwamo waliinamisha vichwa, isipokuwa sisi, kwa kuwa hatukuwa tumeelewa. Tulidhani kwamba amesema watu wameacha kuzungumza naye, jambo dogo tu. Ilitubidi tuulize, tusome, na tuulize tena, ndipo tukatambua kwamba mzee yule alikuwa ametoa shtaka zito kuliko yote yaliyopata kusemwa katika kikao kile.

Neno na asili yake

Tuanze na umbo lake. Kinyakyusa, kama Kiswahili, huunda jina la tendo kwa kutanguliza kiambishi mbele ya shina. Kiswahili husema ku-, na mbele ya irabu husema kw-, kama katika kwenda na kwisha. Kinyakyusa huongeza irabu moja mbele na kusema uku-, na mbele ya irabu ukw-. Basi ukwangala ni ukw- na shina -angala.

Shina hilo si mali ya Wanyakyusa peke yao. Ndugu zetu Wabemba wa Zambia nao husema ukwangala, kwa matamshi yanayokaribiana mno, ila kwao maana iliyo mbele ni kucheza. Na michezo huiita ifyangalo. Mwanaisimu Mwingereza Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu katika kanda zake, aliziweka Kinyakyusa na Kibemba katika kanda moja, kanda M. Kwa hiyo si ajabu neno moja kukaa katika nyumba hizi mbili, huku likivaa nguo tofauti kidogo. Kwa Wabemba limebaki karibu na uwanja wa michezo. Kwa Wanyakyusa limeingia barazani, limeketi penye chakula na kinywaji, likawa jina la furaha ya kuwa pamoja na wenzako: kula nao, kunywa nao, kuongea nao pasipo haraka, kucheka nao, na kubishana nao bila kuogopana.

Tusishawishike, kama tulivyoshawishika sisi mwanzoni, kuliunganisha na neno la Kiswahili angalia kwa sababu tu masikio yanasikia sauti inayofanana. Kufanana kwa sauti si undugu wa maneno, kama vile kufanana kwa sura hakutoshi kuthibitisha undugu wa watu. Hata hivyo, hakuna ubaya kuligundua jambo hili: asiyewaangalia wenzake hawezi kwangala nao.

Mtu aliyeliweka neno hili mbele ya macho ya ulimwengu alikuwa mwanamke aitwaye Monica Wilson. Alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, misioni ya Waskoti katika Afrika ya Kusini. Yeye na mume wake, Godfrey, walifanya utafiti wao hapa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Pamoja nao alikuwapo karani na mkalimani wao, Mnyakyusa Leonard Mwaisumo, aliyefariki mwaka 1938. Ni haki kumtaja, maana mgeni huuliza, lakini mwenyeji ndiye ajuaye jibu. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mjane wake akabaki na madaftari ya wote wawili. Mwaka 1951 alitoa kitabu kuhusu vijiji vya Wanyakyusa, akakiita Good Company. Kichwa hicho ndicho jitihada yake ya kulitia neno ukwangala katika Kiingereza: ukawa mwema pamoja na wenzako. Kati ya mambo yote aliyoyaona Rungwe, migomba, ng'ombe, machifu na matambiko, aliona kwamba ufunguo wa nyumba ni neno hili moja.

Waskoti wenyewe wana neno linalofanana nalo kwa maana, kutoka lugha yao ya Kigaeli: cèilidh. Zamani liliitwa hivyo tendo la jirani kumtembelea jirani jioni, wakaketi penye moto wakisimuliana habari na hadithi. Asili yake ni neno la kale lenye maana ya mwenzi. Leo watu wengi hulitumia kwa tafrija ya muziki na ngoma. Maneno husafiri, wapendwa: moja limetoka kwa mwenzi likafika kwenye ngoma, jingine lina maana ya kucheza upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili maana ya kukaa na mwenzi. Lakini njiani yote mawili yamepita penye ukweli mmoja, kwamba binadamu hawezi kufurahi peke yake.

Kijiji kilichojengwa kwa neno

Kwa Wanyakyusa wa zamani, ukwangala haukuwa pumbao la jioni baada ya kazi. Ulikuwa msingi wa ujenzi wa kijiji chenyewe. Mahali pengi duniani watu hukaa pamoja kwa sababu ya ukoo: baba, wanawe na wajukuu wake. Hapa mambo yalikuwa tofauti. Vijana wa kiume, wakifikia umri wa miaka 10 hivi, waliondoka katika nyumba za baba zao wakajijengea vibanda vyao pembeni. Mchana walilima kwa baba zao. Kula walikula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Usiku walirudi kulala katika kijiji chao wenyewe. Wakakua pamoja, wakaoa, wakaleta wake zao palepale, wakazeeka wakiwa majirani. Na mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana hao ardhi na madaraka ya kuilinda nchi.

Kwa nini waliishi hivyo? Sababu mojawapo ilikuwa heshima, hasa kuweka umbali wa staha kati ya mkwe mume na mke wa mwanawe. Lakini sababu nyingine ilikuwa ukwangala. Wanyakyusa waliona kwamba mtu huongea kwa uhuru na wa rika lake. Mbele ya baba yake kijana hunyamaza na kutii. Mbele ya wenzake husema lililo moyoni, hukosolewa, hujitetea, huchekwa, hujifunza. Na matunda ya mazungumzo hayo waliyaita amahala, yaani hekima. Kwao, hekima haikuwa kitu ambacho mtu hukipata kwa kukaa peke yake akifikiri, wala kwa kusikiliza tu mkubwa akiamuru. Ilizaliwa katikati ya wenzi waketio pamoja. Kijana aliyejifungia nyumbani kwa wazazi, asiyetoka kukaa na wenzake, walimhofia kwamba atabaki mjinga hata kama ana nguvu za mwili na mifugo mingi.

Tafakarini jambo hili. Watu hawa walipanga ramani ya makazi yao kwa ajili ya urafiki.

Kivuli cha neno

Hata hivyo, padre akisimulia mila kana kwamba zote zilikuwa Paradiso, hasemi kweli. Ukwangala ulikuwa na kivuli chake, nasi hatuna budi kukitaja, maana ndicho kilichoifunika nyumba ya bibi yule.

Kwanza, ushirika ule ulikuwa na mipaka. Kijiji kilihesabiwa kwa rika la wanaume. Mwanamke aliingia kwa njia ya ndoa, akifuata mahali ambapo mumewe tayari alikuwa na wenzi wake. Mzungumzaji wa kwanza daima alikuwa mwanamume.

Pili, pale ambapo furaha kuu ni kula pamoja, kosa kuu huwa ni kula peke yako. Mtu aliyechinja asigawe, aliyekuwa na kiburi kwa wakwe zake, aliyepuuza mazishi, au aliyefanikiwa upesi akawasahau jirani zake, alisikia manung'uniko yao yakimrudia. Wanyakyusa waliyaita mbepo sya bandu. Msikilize Kiswahili ndani yake: mbepo ni ndugu wa upepo, bandu ni watu. Ni pumzi ya watu, baridi ya watu. Iliaminika kwamba majirani wakinung'unika kwa haki, pumzi yao humwingia mkosaji kama baridi, naye huugua. Hiyo ilihesabiwa kuwa nguvu ya kulinda haki, mikononi mwa walinzi wa kijiji walioitwa abamanga. Lakini jirani yao wa karibu mno alikuwa hofu ya abalosi, yaani wachawi, waliodhaniwa kusukumwa na uchu wa nyama na maziwa ya wengine. Na mpaka kati ya mnung'unikaji mwenye haki na mchawi mwenye husuda ulikuwa mwembamba kama uzi.

Hapo ndipo ukwangala ulipogeuka kuwa silaha. Jamii inayohesabu kukaa pamoja kuwa uhai, ikitaka kumwua mtu pasipo mkuki, humwachia upweke. Haimpigi wala haimtukani. Inapita mbele ya mlango wake na kusema njia ina utelezi.

Mmekwisha kuelewa, wapendwa. Bibi yule alikuwa amefiwa na mume, kisha na mwana, na minong'ono ikaanza. Hakuna aliyesimama kumshtaki. Sheria ya Uchawi, iliyopo nchini mwetu tangu mwaka 1928, inakataza kumshtaki mtu namna hiyo, na wanajumuiya wetu ni watu watiifu kwa sheria. Basi hawakusema neno lolote. Waliliruka jina lake katika ratiba, juma baada ya juma, kwa kalamu ileile iliyoandika mahudhurio ya sala.

Nasi je? Nasi tuliitia sahihi ratiba hiyo miezi yote ile, bila kuuliza. Tulihesabu majina yaliyokuwapo, hatukulitafuta lisilokuwapo. Tunaliungama jambo hili mbele yenu.

Katika kutaja kivuli, tusiisahau nuru iliyokaa papo hapo. Mababu wa Rungwe walijua kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni hatari kuliko hasira iliyosemwa. Ndiyo maana katika matambiko yao ya ukoo na kijiji, wahusika walitakiwa kuzitoa nje chuki zao, kuziungama kwa maneno mbele ya wenzao, kabla ya kula pamoja. Bila hivyo, chakula kisingekuwa na faida. Yeyote aliyesoma Injili ya Mathayo, sura ya 5, aya ya 23 na 24, ambapo Bwana anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya altare akapatane kwanza na ndugu yake, atatambua kwamba Roho Mtakatifu hakungoja wamisionari wafike ndipo aanze kufundisha Rungwe.

Vijiji vilipotawanyika

Wamisionari walifika mwaka 1891: Wamoraviani waliofungua kituo Rungwe, na Walutheri wa Misioni ya Berlin. Miaka michache baadaye, mnamo 1899, Mjerumani Carl Schumann alitoa sarufi ya lugha hii, ambayo Wajerumani waliiita Kikonde. Kanisa letu Katoliki lilichelewa kujipanga katika nchi hii. Mwaka 1932 liliundwa eneo la kimisioni lililobeba jina la Tukuyu. Mwaka 1949 likawa Vikarieti ya Mbeya, mwaka 1953 likawa Jimbo, na mwaka 2018 Jimbo Kuu. Tunaikumbusha historia hii si kwa kujivuna, bali ili tukumbuke kwamba tulipofika tulikuta watu ambao tayari walikuwa na jina la kile tulichokuja kukihubiri.

Wakati huohuo vijiji vya rika vilianza kufifia. Kahawa na chai vilihitaji shamba la kudumu lenye mwenyewe, na mwenye shamba alitaka kumrithisha mwanawe, si rika. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Vijana walikwenda migodini na mijini kutafuta fedha. Monica Wilson aliishi kuyaona mabadiliko hayo. Mwaka 1977, miaka mitano kabla ya kufariki kwake, alitoa kitabu kingine, For Men and Elders, kuhusu jinsi uhusiano wa vizazi na wa wanaume na wanawake ulivyobadilika katika muda wa karibu miaka 100.

Leo hamtakuta Rungwe kijiji cha rika cha namna ile. Neno, hata hivyo, limebaki, nalo linazunguka kama mjane asiye na nyumba, likitafuta mahali pa kukaa. Je, sisi Wakristo tunayo nyumba ya kulipa?

Homilia na njia ya Emau

Hapa tunataka kuwaonesha jambo lililotushangaza, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kila Dominika, baada ya Injili, padre hutoa homilia. Neno hilo limetoka katika Kiyunani. Wengi hudhani maana yake ni mafundisho au hotuba. Sivyo. Kitenzi chake, homilein, maana yake ni kukaa pamoja na watu, kuongea nao, kuwa na ukaribu nao. Katika Agano Jipya lote kitenzi hicho hupatikana mara nne tu, na mara zote nne ni kwa kalamu ya Luka.

Mara mbili za kwanza zimo katika simulizi la Emau, Luka 24, aya ya 14 na ya 15. Wafuasi wawili wanatembea jioni ya Pasaka wakizungumza juu ya msiba wao. Hawahubiriani, wanaongea kama wenzi waliofiwa. Na Luka anasema kwamba ni wakati walipokuwa katika mazungumzo hayo ndipo Yesu mwenyewe alipowakaribia, akatembea pamoja nao. Alikuja ndani ya mazungumzo yao, akaanza kwa kuuliza, akawasikiliza, kisha ndipo akafundisha. Na mwisho akaketi mezani nao, akaumega mkate. Njia, mazungumzo, meza: mzee wa Rungwe akisoma sura hiyo kwa mara ya kwanza angesema bila kusita kwamba Bwana alikuwa akiangala nao.

Mara ya tatu imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, aya ya 11. Paulo yuko Troa. Amehubiri hadi usiku wa manane, na kijana Eutiko amesinzia dirishani na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Sisi mapadre tunaojipendea sauti zetu tunapaswa kuisoma habari hiyo kila Jumamosi jioni! Lakini baada ya kijana kuinuliwa akiwa hai, Paulo anapanda tena, anaumega mkate, na anaongea nao mpaka alfajiri. Yale marefu ya kwanza Luka anayaita kwa neno jingine. Haya ya baada ya kumega mkate ndiyo anayaita homilein.

Mara ya nne ni ya kutuogofya. Imo katika Matendo 24:26. Liwali Feliksi anamwita Paulo kutoka kifungoni mara kwa mara na kuongea naye. Kitenzi ni kilekile. Ila Luka anatufunulia moyo wa liwali: alitumaini kupewa fedha. Tazameni basi. Watu wanaweza kuketi pamoja mara nyingi, kwa utaratibu, kwa maneno ya heshima, na kumbe mmoja wao anaungoja mfuko wa mwenzake.

Jumuiya zetu ni njia ipi?

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Walitaka Kanisa lishuke hadi pale ambapo watu wanajuana kwa majina, wanaziona sufuria za wenzao zikiwa tupu au zimejaa. Na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu.

Tujihoji sasa, kila mmoja kwa nafsi yake. Je, tukikutana katika jumuiya zetu tunatembea njia ya Emau, au tumeketi katika chumba cha Feliksi? Tunafika, tunasali rozari kwa haraka, tunasoma Injili bila mtu kuieleza ilivyomgusa, kisha daftari linafunguliwa: mahudhurio, zaka, mchango wa ujenzi, mchango wa harusi, mchango wa mapokezi. Halafu kila mmoja anatafuta mwavuli wake. Michango ni ya lazima. Kanisa haliezekwi kwa sala peke yake. Lakini mtu anaweza kuhudhuria miaka 10 pasipo mwenzake kujua kwamba hajala tangu jana. Wako hata wanaokuja kwa sababu moja tu, kwamba siku ya msiba wasije wakakosa wa kuwazika. Huo ni woga uliovaa nguo za ushirika.

Ukwangala unatudai zaidi. Unatudai muda. Unatudai tuketi baada ya sala ya mwisho, kwa kikombe cha chai au kwa ndizi na maziwa, tukaongee. Unatudai tuamini, kama mababu, kwamba amahala huzaliwa hapo, na si mimbarini peke yake.

Na Injili inautakasa ukwangala wenyewe, kwa kuubomolea mipaka yake. Kristo hakuwaita rika moja. Mezani pake alimketisha mtoza ushuru na mvuvi; alizungumza na mwanamke Msamaria kisimani, hata wanafunzi wake wakastaajabu. Na usiku ule wa mwisho, kama asemavyo Yohane katika sura ya 15, aliwaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, bali rafiki, kwa kuwa amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Mtumwa huamriwa, rafiki huongeleshwa. Mungu ametuchagua tuwe wenzi wake wa kuongea naye. Kijiji anachokijenga ni kimoja, na ndani yake mzee na kijana, mume na mke, mwenyeji na mgeni, wote ni wa rika moja kwa Ubatizo.

Basi yeyote anayemtenga jirani kwa minong'ono, hata kama hakusema neno la kushtaki, hata kama anakomunika kila Dominika, amemfukuza kijijini mtu aliyeingizwa na Kristo mwenyewe. Hilo si kosa dogo la adabu. Ni dhambi, na inahitaji kuungamwa.

Wapendwa, baada ya kikao kile viongozi waliomba wabaki wenyewe kidogo. Tuliwaacha. Hatukuambiwa waliongea nini, nasi hatukuuliza, ila walikaa hadi giza likaingia. Ratiba mpya ilipoletwa kwetu kutiwa sahihi, jina la bibi lilikuwapo, la kwanza.

Siku ya zamu yake tulikwenda. Mvua ilikuwa ikinyesha, na njia, kwa kweli, ilikuwa na utelezi. Nyumba, kwa kweli, ilikuwa ndogo. Vijana walisali wakiwa nje chini ya migomba, wamejifunika magunia. Walikuja wengi, si wote. Wapo waliobaki nyumbani, na tunajua kwamba hofu haitolewi kwa ratiba moja. Sala ilipokwisha, mwenyekiti alilifunika daftari bila kulifungua. Bibi akaleta ndizi alizokuwa amezipika tangu asubuhi. Kwa kitambo hakuna aliyenyoosha mkono. Mnajua wenyewe kilichowazuia. Ndipo mzee yule wa kwanza akainuka kwenye kigoda chake, akachukua ndizi, akaimega vipande viwili, akampa kimoja mwenyekiti, akala kingine. Akamwambia bibi, ndaga. Na watu wakala.

Tulipoaga, bado walikuwa wakiongea.

Tunawaomba juma hili kila jumuiya iitazame ratiba yake na kutafuta jina lililorukwa. Na baada ya sala, msiwe na haraka ya kutafuta miavuli.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.